Ulimi wa Dhahabu na Keki ya Dada Nakijwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona baadhi yenu mmeitikia huku mmeziba midomo. Nawaelewa. Mmemwona Eliamani kapanda mbele, mkasema leo tena atatuchekesha kanisani. Leo natoa ushuhuda. Mkicheka, ni nyinyi.

Kabla ya ile siku ya harusi, mdomo wangu haukuaminiwa na mtu. Niliwahi kuwadanganya wenzangu wa kidato cha pili kwamba tembo kaingia bwenini. Baadaye tembo akaingia kweli shamba la shule, nikapiga kelele, mwalimu akanipa adhabu ya kuchota maji. Tembo akala mahindi kwa amani.

Mimi naishi hapa Same kwa mama mdogo. Yeye anaoka keki, mumewe ni fundi baiskeli. Miaka ya shida, sukari ikiwa ya foleni, keki ya mama mdogo ilikuwa kahawia juu, kahawia ndani, kahawia pembeni, na watu walishukuru. Sasa biashara imefunguliwa. Maduka yamejaa vitu ambavyo hata mwenye duka hajui ni vya nini. Ndipo dereva mmoja wa lori akamletea mama mdogo kutoka Mombasa kopo la rangi ya keki, ya dhahabu, inayoliwa. Ukibonyeza juu, inatoka kama ukungu. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma.

Asubuhi ya harusi ya dada Nakijwa, mama mdogo alitoa keki uani, akachukua kopo dirishani, akapuliza. Upepo wa Same mnaujua. Kuku mmoja aliondoka pale amepambwa upande mmoja. Lakini keki iliwaka.

Nilipotumwa kufagia, nikaona dirishani kopo jingine lenye kifuniko cha dhahabu. Nikadhani dereva alileta mawili. Ndugu zangu, nilifanya jambo ambalo kila mmoja wenu angefanya. Nikatoa ulimi, nikapuliza. Tamu. Nikalitia kopo mfukoni, nikaenda harusini nikiwaonyesha vijana wa kwaya ulimi wangu kila mchungaji alipofumba macho.

Ukumbini zikaletwa zawadi. Baba mdogo akasukuma baiskeli aliyowatengenezea maharusi, maana wanakwenda kulima kule Bendera. Jana yake jioni alikuwa ameipiga rangi ya dhahabu. Akaiegemeza karibu na keki. Vyote viwili viling'aa sawasawa, na vilinukia sawasawa.

"Unaisikia harufu hiyo?" shangazi mmoja alimwambia jirani yake. "Ndiyo harufu ya vitu vya nje."

"Ya kwetu ilikuwa inanuka mkaa tu," mwenzake akajibu, akavuta pumzi nyingine.

Mimi nikaishuku harufu ile. Nikalowesha kidole, nikaisugua keki kwa nyuma. Kidole kikarudi safi. Nikagusa ulimi, kikarudi na dhahabu. Nikaelewa. Baba mdogo alimaliza baiskeli akaacha kopo lake dirishani, mama mdogo akalishika hilo. Keki ya dada imepigwa rangi ya baiskeli.

Na kisu kilikuwa tayari mkononi mwa dada. Wa kwanza kulishwa alikuwa bibi yetu aliyeteremka kutoka Vudee milimani, hana jino hata moja. Huyo hatafuni, anameza.

"Msile," nikasema. "Hiyo ni rangi ya baiskeli."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Jamani, ni Eliamani. Tembo wake amefika."

"Kweli tena, mama mdogo."

"Eliamani, utaniaibisha siku nyingine," mama mdogo akanong'ona. "Leo niache."

Dada akakata kipande, akakiinua. Bibi akafumbua mdomo.

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nifanye mtu wa kuaminika leo tu, kesho unirudishe kama ulivyonikuta. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini?"

"Ukinunua kitenge mnadani unakipimaje?"

"Nalowesha leso, nasugua. Kikichuja rangi, namrudishia mwenyewe."

"Basi sugua na keki."

"Keki ni kitenge?"

"Sugua tu, bibi. Halafu usugue na hapa." Nikamtolea ulimi.

Bibi ameishi miaka ya shida, hachezewi kwa rangi. Akalowesha leso, akasugua kipande kile. Leso nyeupe. Akanishika kidevu, akausugua ulimi wangu kama anasugua sufuria. Leso ya dhahabu.



"Kitenge kisichochuja nakivaa," bibi akasema taratibu. "Chakula kisichochuja kikishuka tumboni, nani atakitoa? Mtoto amesema kweli. Weka kisu chini, Nakijwa."

Baba mdogo akainusa keki, akainusa baiskeli, akavua kofia.

Mama mdogo machozi yalimlenga. Nikatoa kopo mfukoni, nikampa. Keki nyingine haikuwepo, lakini makande yalikuwepo, tena mengi. Akayapanga kwenye sinia kama kichuguu, akayapulizia. Maharusi wakalishana makande ya dhahabu kwa kijiko chenye utepe. Bibi akala, akaomba ya pili. Mpaka tunafunga kwa sala, ukumbi mzima ulikuwa na ulimi kama wangu. Mchungaji yuko hapa, msimuulize, atafumba mdomo.

Namshukuru Mungu. Makopo yalikuwa mawili, nami sikuweza kusoma maandishi ya hata moja, lakini ulimi wangu uliangukia lile linaloliwa. Wengine mtaita bahati. Mimi nilikuwepo, najua ni nani aliyeniokoa.

Nawe ambaye hata ukisema unaumwa watu wanasubiri uchekeshe, usikate tamaa. Mwamini Yeye anayekusikia hata ukumbi ukicheka. Anayetaka ushahidi, keki ipo kwa baba mdogo juu ya sanduku la spana. Bado inang'aa. Mende hawajaigusa.

Sasa ondoeni mikono midomoni, mseme Amina.