Wivu wa Namba 510511

Sitaficha, nina wivu na Sindano. Sote ni mafundi nguo, na vyerehani tulinunua siku moja, duka moja. Chake kimegongwa namba 510510, changu 510511. Tuliishi vizuri mpaka Mwalimu alipokuja kupunguziwa suruali, akaiona namba ya Sindano, akatangaza kwamba inagawanyika kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba bila kubaki kitu. Tangu hapo wateja wananipita mlangoni kama hawanioni. Na leo Mwalimu anachagua fundi wa kushona sare za shule nzima. Mimi na Sindano tumekaa na dobi na dereva kwenye benchi la muuza kahawa, tunamsubiri.

DOBI: Namba ya Sindano ina baraka, tusidanganyane. Hata uzi wake haukatiki.

MIMI: Haukatiki kwa sababu ananunua uzi mzuri!

DEREVA: Sikiliza, Mkasi. Kiwandani walimaliza ujuzi wote kwenye cha Sindano. Chako kilipofuata, watu wameshachoka, wanawaza kwenda kula.

SINDANO: Jamani, mwacheni jirani yangu.

MIMI: Usinihurumie! Jana sikushona hata kifungo. Nimeigawa yangu kwa mbili, imekataa. Kwa tatu, imekataa. Nimekwenda hivyo hivyo na zile za Sindano mpaka kumi na saba, kila mara inabaki moja. Hii ni namba tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Haina bosi!

DEREVA: Ee bwana! Basi cherehani cha namba tasa hakiibiki. Mwizi akikibeba, anasahau njia ya kwao.

DOBI: Tena hakishiki kutu. Ukikiacha kwenye mvua, mvua inahama.

MUUZA KAHAWA: Mkasi, lete kikombe nikuongeze.

Roho yangu ikatulia kidogo. Sindano akainamia kikombe chake, na kuinama kwake kulininogea kuliko kahawa.

Mwalimu akatokea na furushi la vitambaa begani. Hata salamu sikumalizia, nikamweleza habari ya namba yangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Kumi na tisa umejaribu?

Niliishia kumi na saba kwa sababu za Sindano zinaishia kumi na saba. Sikuwahi kufikiri kwamba yangu ina mambo yake.

Nikatoa chaki ya kukatia nguo, nikagawa palepale juu ya ubao wa benchi. Ikatoka 26869. Haikubaki hata moja.

Mwalimu akatikisa kichwa, akaliweka furushi mapajani mwa Sindano, akaenda zake.

Sindano angenicheka, ningemsamehe. Yeye akalifungua furushi, akatenga vitambaa mafungu mawili, akanisogezea moja.

— Yangu inagawanyika kwa mbili, jirani. Shika nusu.

Nikashika, nikasema asante. Afadhali angevichukua vyote.