Mikanda Mipya na Ndege ya Saa Nane

Barazani kwa kina Ubwa, Kikwajuni, hakuna asiyejua kitu. Wasiojua hunywea kahawa kwao. Asubuhi ile Ubwa kaifungua boneti ya gari aliloachiwa na marehemu babaake, grisi hadi viwikoni. Mamaake, Bi Mwanamkasi, anakwenda Umra, ndege saa nane, na Ubwa keshaapa mbele ya ukoo mzima kwamba atamfikisha uwanjani mwenyewe, kwa gari hilo hilo. Mikanda ya injini ilikuwa ikilia kama paka. Mipya keshainunua, ila fundi kamwambia aje Jumatatu. Jumatatu, na mama anaondoka leo! Wana baraza wakacheka: fundi wa nini, na sisi tupo? Wakaikata ya zamani kwa kisu, yote mitatu, hata kahawa haijapoa.

— Sasa weka mipya — alisema Kheir, waliyemwita Japani kwa kuwa aliwahi kuosha magari ya Japani bandarini. — Samaki mkunje angali mbichi. Kaza mpaka ulie!

— Ukilia si kelele zile zile? — aliuliza Ubwa.

— Ule wa zamani ulilia kwa uzee. Huu utalia kwa furaha.

Mufaddal, muuza vitambaa anayeitwa Daktari, akaweka kikombe chini.

— Yakhe, umekosea. Mkanda huu umezoea baridi ya kwao. Uchovye kahawani kwanza, uzoee joto. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Jamani, unapita juu ya dainamo au chini? — aliuliza Ubwa.

— Juu — alisema Kheir.

— Chini! — alidakia Mufaddal. — Gari limevuka Ikweta hilo. Juu yao ndiyo chini yetu, nnakwambia.

Ubwa akaupitisha juu, ukalegea. Akaupitisha chini, haukufika. Saa sita hiyo, na jasho linamwingia machoni.

Mlango ukafunguka. Bi Mwanamkasi akatoka, buibui jipya, mkoba mkononi.

— Shikamoo, Bi Mwanamkasi!

— Marahaba. Ubwa, mchoro mmeutazama?

— Mchoro gani, mama?

— Si upo chini ya boneti, unaonesha kila mkanda unavyopita? Babaako alikuwa hagusi kitu mpaka autazame.

Ubwa akainua macho. Mahali pale palikuwa na stika kubwa ya Maashaallah, kaibandika mwenyewe, kwa gundi ya fundi viatu, watu walipozidi kulisifu gari.

— Basi ibandueni — alisema Bi Mwanamkasi. — Nani ataibandua?

Kheir akanyoosha ukucha, akaurudisha. Mufaddal akatazama ndani ya kikombe chake. Jina la Mungu lile, na vidole vyote grisi tupu.

— Mama — alisema Ubwa — nliapa ntakupeleka mimi.

— Na utanipeleka. Kanawe mikono, uje unishikie mkoba tutafute teksi.