Meza ya Alhamisi ya Profesa Evanthia Tsolaki

Tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hapa Thesalonike, Profesa Evanthia Tsolaki anastaafu.

Fani yake ni zile karne ambazo dola ya Rumi ilikuwa ikififia na dunia nyingine ikianza kuchomoza. Alipofika, wachimbaji wa magofu ya kale, wanahistoria na wanateolojia walizisoma karne hizohizo katika majengo matatu, bila hata kusalimiana. Mtu akiokota jiwe lenye maandishi, alimficha hata mwenzake wa ofisi moja.

Evanthia akatandika meza ndefu ghorofa ya tatu, akanunua bugatsa, vitafunio vyetu vya unga na jibini, zingali moto, akatualika kusoma pamoja kila Alhamisi.

“Huyu mama anataka nini?” aliuliza Stavros Delimanis, mchimbaji wetu hodari na mbishi kuliko wote.

“Anataka ule tu,” nikamjibu.

“Katika chuo hiki? Nani analisha watu hivihivi?”

Alikuja hata hivyo, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti.

Ilimchukua miaka kulegea. Hatimaye akatuonyesha picha za sakafu ya nakshi aliyoifukua chini ya gereji, yenye jina la mwanamke lililomeguka nusu. Kabla mwaka haujaisha, sakafu ileile ikatokea katika jarida la ng’ambo, chini ya jina la mtu tusiyemjua. Picha zile zilikuwa zimeonekana mezani petu tu. Aliyezivujisha alikuwa mmoja wetu.

Minong’ono ikamwelekea mwenye meza. Viti vikabaki vitupu, na tuliokutana kwenye ngazi tulikumbatia mafaili yetu kama watoto wachanga.

Evanthia hakujitetea. Alhamisi iliyofuata aliingia na boksi la nakala: tafsiri yake ya mahubiri ya karne ya sita, kazi ya ujana wake wote, ambayo haikuwa imechapishwa. Akampa kila aliyetaka.

Delimanis alinusa mtego. Alichukua nakala ili atafute kosa, akakutana na mjane Theodoti, aliyesifiwa kwa kuwafungulia wakimbizi nyumba yake. Alirudi mbio.

“Mama Evanthia, mjane wako ndiye mwenye sakafu yangu! Nusu ya jina iliyobaki ni yake!”

“Basi kaa. Na leo vua hilo koti.”

Kitabu ambacho wawili hao walimwandikia Theodoti pamoja kilifungua milango. Wenzetu wa Sofia na Izmir wakaanza kuja, na shaka zao mkononi, wakabaki. Leo wanafunzi wa majengo yale matatu hawajui kwamba babu zao wa kitaaluma walinuniana.

Mwizi wa picha hakupatikana. Mwezi uliopita Delimanis alimuuliza Evanthia mbele ya wote: “Kweli hukuwahi kumshuku mtu?”

“Nilimjua zamani,” akajibu. “Lakini aliendelea kuja. Ningemfukuza, angejifunzia wapi kuaminika?”

Tulitazamana mmoja mmoja, na mpaka ninapoandika haya bado tunatazamana. Hakusema jina, wala hatasema.

Profesa, ahsante kwa meza na kwa subira. Uwe na afya, mapumziko matamu na wajukuu wasumbufu. Tunakushukuru sote tulioketi pale, na yeye akiwemo.