Kopo Moja kwa Ajili ya Magoti

Kijiwe chetu cha Banconi kiko mbele ya karakana ya Zoumana Coulibaly, fundi pikipiki, pale lami inapokata roho na vumbi likarithi njia. Kuna benchi moja refu lenye mguu wa tofali, jiko la mkaa, na birika dogo la chai linalopanda motoni baada tu ya sala ya alasiri. Mwenye birika ni Ngolo Diarra, tunamwita Balozi, maana amepanga foleni kwenye balozi zote za Bamako na zote zimemnyima viza. Wa tatu ni Burama Traoré, Profesa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya binafsi mpaka shule yenyewe ikafungwa. Jumamosi hiyo Profesa alifika kwa miguu, jasho linamtiririka, tai imemkaba shingo, na mkononi ana kopo la bati lililoandikwa "Uzima Timilifu". Zoumana alijua kaja kuchukua jibu, kama atajiunga na biashara ya makopo hayo au la, na jibu alikuwa nalo. Pasipo kumnong'oneza mkewe, Kadia, alishapata mteja wa ile friza ambayo Kadia hugandishia maji ya tangawizi anayouza shuleni. Mteja angekuja kuibeba kabla ya magharibi, na kiingilio kingepatikana.

— We Profesa, pikipiki iko wapi? Au leo unamfuata ng'ombe wako malishoni? Zoumana alimchokoza, maana koo za Coulibaly na Traoré ni watani tangu enzi za mababu.

— Kaa kimya, mla maharage. Wanaoelekea kwenye utajiri huwa hawaulizwi usafiri.

— Wala maharage ni babu zako, walikuwa watumwa wetu! Kaa hapo unywe chai.

Balozi akainua birika juu, akamimina glasi ya kwanza kwa mbali mpaka povu likasimama. Ile ya kwanza ni chungu, haina mzaha.

— Haya, alisema Balozi. Tueleze tena. Jana nilisinzia ulipofika kwenye almasi.

— Rahisi kabisa, bana. Unaingia. Unaweka kiingilio, unapewa makopo yako. Halafu unaleta watu wawili. Mmoja ni mguu wako wa kulia, mwingine mguu wako wa kushoto. Na wao wanaleta wawili wawili. Wewe umekaa hapa unakunywa chai, miguu inakutembelea yenyewe. Unapanda ngazi ya Shaba, unapanda Fedha, unafika Almasi, unapewa gari.

— Umeliona hilo gari? Zoumana aliuliza.

— Nimeliona! Picha yake ilikuwa ukutani pale hotelini kwenye semina. Kubwa kama msikiti.

— Na ndani ya kopo mna nini?

— Unga wa mizizi. Unatibu sukari, presha, mgongo, macho na ugumba.

— Kwa pamoja?

— Kwa pamoja. Hospitali wanaujua, wanauficha. Ukipona, daktari atakula nini?

Balozi alipiga paja.

— Hilo mimi nalijua siku nyingi! Ndiyo maana ubalozini wanakupima damu. Wanaona tuna nguvu ya mizizi, wanaogopa kutuingiza kwao.

Zoumana alicheka, lakini moyoni alikuwa anapiga hesabu za duka la vipuri aliloota kulifungua. Alishachoka kuziba pancha za watu. Hata hivyo kuna jambo lilimkwaruza, kama mchanga ndani ya kabureta.

— Profesa, wewe ni mtu wa hesabu. Wawili, wanne, wanane... si tutafika mahali watu waishe?

— Waishe wapi? Bamako hii?

— Bamako ikiisha?

— Kuna Ségou, kuna Sikasso.

— Mali ikiisha?

Balozi akadakia kabla Profesa hajafungua mdomo.

— Tunavuka kwenda Chad! Tukimaliza Chad, tunaingia China. Wale hawaishi.

— Na Wachina wakiisha?

— Wanazaliwa wengine kila siku, kaka. Tutakuwa tunawasubiri wodini na makopo.

Glasi ya pili ikazunguka, sukari sasa imeongezeka, na maneno yakaongezeka nayo. Balozi alishajiona Almasi. Alitangaza kwamba atanunua ubalozi mmoja, jengo zima, akae dirishani awanyime wao viza.

— Lakini Zoumana, Profesa alisema, akisogea karibu. Leo ndo mwisho. Kesho kiingilio kinapanda. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo si ina maana tusubiri?

— Hapana, bana! Maana yake baraka yote wanaichukua wa kwanza, wewe ukija mbio mwishoni unakuta haina kitu. Na tafadhali, Kadia usimwambie bado. Semina walitufundisha: usimwambie mke, usimwambie kaka. Watu wa nyumbani ndio wanaoua ndoto.

Zoumana aliitazama simu yake. Mteja wa friza ameandika kwamba yuko njiani na mkokoteni.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mnene, kajifunga kitambaa cha buluu, anatembea kwa kuyumba huku anashikilia kiuno. Ni Mama Assitan, aliyehamia nyumba ya kona wiki hiyo. Alisalimia kijiwe kizima, akauliza hali za nyumbani, za watoto, za kazi, naye akajibiwa zote. Kisha akalitazama lile kopo.

— Wanangu, nimeambiwa hapa kuna mtu ana dawa ya magoti.

Profesa akasimama, akanyoosha tai.

— Umefika, mama! Kaa. Wewe unataka kuanza na ngazi ipi?

— Ngazi siwezi kupanda, mwanangu, ndiyo maana nimekuja. Nataka kopo moja.

— Moja haliuzwi hivyo, mama. Kwanza unajiunga. Halafu unaleta watu wako wawili, mguu wa kulia na mguu wa kushoto.

— Miguu ninayo. Taabu iko kwenye magoti. Nipe kopo moja, nilipe, nikanywe. Bei gani?

Profesa akaligeuza kopo kutafuta bei. Akamtazama Balozi. Balozi akatazama birika.

— Bei ya mtu wa nje... sijaambiwa. Mpaka nimuulize aliyeniingiza.

— Hamna mtu aliyewahi kununua akanywa?

Mkaa ulilia jikoni. Mama Assitan aliwatazama mmoja mmoja, bila kejeli hata chembe, kama mtu aliyekosea duka.

— Sasa wanangu, mnauza nini?

Kisha akawaombea alasiri njema, akajikongoja kurudi kwake.

Zoumana alijiona kama aliyemwagiwa maji ya tangawizi ya Kadia kichwani. Akachukua simu, akapiga palepale, sauti yake wazi kabisa.

— Kaka, geuza mkokoteni. Friza haiuzwi. Ndiyo, nimebadili mawazo. Ni ya mke wangu, wala haikuwa yangu kuuza. Samahani kwa usumbufu.

— Mimi nilijua tangu mwanzo, alisema Balozi. Nilikuwa nawapima tu.

— Wewe ulikuwa wodini China, Balozi. Nyamaza. Profesa, makopo yako yako wapi?

— Chini ya kitanda.

— Umeuza mangapi kwa mtu ambaye hakujiunga?

— Hata moja.

— Pikipiki umeiuza?

Profesa akaitika kwa kichwa. Hakumtania mtu safari hii, na Zoumana naye hakumwita mla maharage.

— Miguu yako ni nani na nani? Umemwingiza nani?

— Mmoja tu, Profesa alisema, akitazama chini. Mama mkwe.

Balozi akaiweka glasi ya tatu chini bila kuinywa.

— Yallah! Mama mkwe, Traoré?

— Ameuza kondoo wake wa sikukuu. Nikimwambia ukweli, atanifukuza.

— Atakufukuza peke yake, alisema Zoumana. Usipomwambia leo, kesho atamwingiza dada yake, na dada yake shoga zake, na ukoo mzima utakufukuza. Inuka. Panda hapa nyuma.

Alimpakia kwenye pikipiki ya mteja iliyotoka kutengenezwa, wakakata mitaa mpaka Sikoroni, kwa mama mkwe. Walipoingia uani walimkuta mama mkwe amekaa mkekani na majirani wawili, kopo limefunguliwa katikati yao, nao wameshatoa pesa kwenye mafundo ya kanga. Alipomwona mkwewe uso ukamchanua.

— Afadhali umekuja, mwanangu! Hawa wananibishia. Waeleze wewe uliyesoma.

Profesa alivua viatu, akaketi kwenye ncha ya mkeka. Zoumana akasimama nyuma yake, mkono begani kwake.

— Mama, alisema, kwanza waambie wafunge tena hizo pesa zao kangani.