Donatus Nkingwa, Mtu wa Tano wa Nyota Nne

Baba Padri, wazee wa Usanda, wakwe zetu, wana bendi, majirani wa Ngokolo, na ninyi mliofika kwa sababu mmesikia kuna ng'ombe amechinjwa: wanaostahili shikamoo nawapa, wengine hamjambo. Mimi ni Athanas, mjomba wa marehemu. Familia ilitaka kazi hii afanye mwalimu, lakini mwalimu anaijua kalamu, marehemu hakumjua. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, na la sita nililiona dirishani. Palipopinda mtanyoosha wenyewe.

Marehemu Donatus Nkingwa alizaliwa hapa Usanda tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Nkingwa, aliyetangulia, na dada yangu Mbuke, yule aliyekaa mkekani. Dada anasema mtoto huyu alipozaliwa hakulia kama wenzake, aliguna. Mkunga akasema, "Huyu atakuwa mzee wa baraza." Mkunga alikosea, ila kuguna aliguna maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971. Hesabu zilimpita pembeni. Katika kwaya alisimamishwa mstari wa nyuma kabisa, kwa kuwa sauti yake nzito ilitisha watoto wa darasa la kwanza. Wiki aliyolala na malaria, padri wa wakati ule aliuliza kwa nini kwaya imekuwa nyepesi kama chai ya bure. Walitafuta sababu, wakalaumu kinanda. Hakuna aliyesema, "Donatus hayupo." Kumbukeni jambo hilo, tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1978 marehemu alihamia Shinyanga mjini, akaajiriwa kwenye duka la redio la Bwana Jashvant, ambaye tunaye hapa pamoja na mkewe, Mama Nikhil. Alianza kwa kubeba maboksi, akaishia kuwa fundi. Tatizo lilikuwa moja: redio yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka na sauti ya chini chini, ya kutikisa vikombe kabatini.

"Donatus," Bwana Jashvant alimwambia siku moja, "redio ya mama wa sokoni umeifanya nini? Anasema msoma habari anaongea kama dume la ng'ombe."

"Bosi, sasa inasikika mpaka kifuani."

"Yeye anataka kusikia bei ya pamba. Kifua chake kina kazi nyingine!"

Bwana Jashvant hakumfukuza, Mungu ambariki. Badala yake, alimpa gitaa la besi lililokaa stoo miaka mingi, bila nyuzi, panya wamezalia kwenye mfuko wake. Nyuzi za besi Shinyanga hazikuwepo. Kulikuwa na waya za breki za baiskeli. Na baiskeli iliyokuwa karibu ilikuwa Phoenix yangu mimi, iliyoegemezwa ukutani kwa heshima zake zote. Asubuhi yake nikashuka mteremko wa Ngokolo kwa mbwembwe, kama kawaida yangu, maana katika enzi zangu hakuna aliyeendesha baiskeli kunishinda kutoka hapa mpaka Tinde. Nikabana breki. Breki ilikuwa kwenye gitaa. Niliingia genge la nyanya na kutokea upande wa pili nikiwa mwekundu kama kardinali. Kwa hiyo akitokea mtu wa kudai ndiye aliyemwingiza marehemu kwenye muziki, muulizeni yeye aliumia wapi.

Mwaka 1989 alijiunga na bendi ya Nyota Nne ya Kambarage. Bendi hii ilikuwa na Theonest kwenye solo, Cornel kwenye rithim, Boaz kwenye drams na Thobias mwimbaji. Ndiyo, hao ni wanne. Walikuwa wameshachora jina kwenye uso wa dram kubwa ndipo wakakumbuka kwamba bendi huwa na besi. Marehemu alipofika, rangi ilikuwa imekauka. Theonest akamwambia, "Usijali, wewe tutakuhesabu moyoni."

Nyota Nne walikuwa wa kukopi. Hawakutunga wimbo hata mmoja, na walijivunia hilo, wakisema nyimbo zilizopo bado hazijaisha. Jioni walijifungia nyuma ya gereji na kaseti, wakiirudisha kwa kalamu ili betri zisife. Thobias aliimba Kilingala asichokijua hata salamu yake. Siku moja mfanyabiashara Mzaire aliwasikiliza Geita mpaka mwisho, akasogea, akasema, "Ndugu yangu mwimbaji, hicho si Kilingala. Sijui ni nini. Lakini yule wa nyuma, besi yake ni ya kwetu kabisa." Marehemu aliyatunza maneno hayo kama mtu anavyotunza cheti. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa. Maana ndugu zangu, mpiga solo akikosea anasikika, mwimbaji akikohoa anasikika, lakini mpiga besi hata akipatia, watu wanadhani ni jenereta.

Mwaka 1991 alimpenda Limi, binti aliyekuwa na cherehani yake Ngokolo, mtoto wa Mzee Luhende wa Samuye. Limi naye alimpenda. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na mitano, na dada Mbuke alikuwa ameanza kumtazama kama shamba lisiloota. Kikwazo kilikuwa baba mkwe. Wakubwa mnamjua Mzee Luhende, huyo hapo mbele na fimbo yake. Zamani alikuwa kinara wa ngoma, upande wa Bagalu. Na ninyi wa mjini niwaeleze: ngoma zetu baada ya mavuno huwa ni vita. Bagika wanacheza huku, Bagalu wanacheza kule, uwanja mmoja, saa ileile. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Watu wakihama kukufuata wewe, umeshinda. Wakikuhama, rudi nyumbani ukalime.

Mzee Luhende alikuja Kambarage Jumapili moja kumsikiliza mchumba. Alikaa alasiri nzima kwenye kiti cha mbele, hakunywa kitu. Mwisho akamwita.

"Kijana, yule wa mbele analia kama mbuzi, nimemsikia. Yule wa ngoma nimemsikia. Wewe nimekuona tu. Unalikuna tumbo lile la mbao tangu saa nane. Linakuwasha nini?"

"Mzee, ile ndiyo besi."

"Iko wapi?"

"Iko chini, mzee. Chini ya nyingine zote."

"Basi siku itakapopanda juu nikaisikia, njoo umchukue Limi. Binti yangu simpi mtu anayejikuna hadharani."

Tulicheka sisi, marehemu hakucheka. Alirudi Ngokolo, akalizidishia hilo gitaa sauti mpaka bati za jirani zikaanza kuachia misumari, na Mzee Luhende akaambiwa, akasema ile ni kelele, hakuomba kelele. Mwaka ukapita. Limi akaanza kuletewa salamu na mwenye mashine ya kusaga, mtu ambaye kazi yake ilisikika kutoka mbali sana.

Septemba 1992 Nyota Nne walialikwa Rwamgasa, kwa wachimbaji wa dhahabu. Mimi nilikuwa huko kwa shughuli zangu za udongo, ambazo si za kuelezwa mbele ya padri. Mzee Luhende naye alikuwepo, ameleta ng'ombe wa kuuza, maana mchimbaji akipata, kitu cha kwanza ni nyama. Jumapili saa tisa alasiri, vijana wametoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wamejaa barabarani. Upande huu wa barabara baa yetu na Nyota Nne. Upande ule, baa nyingine na bendi kutoka Mwanza, wamevaa sare. Mimi nikamwambia Mzee Luhende, "Mzee, hii si ni Bagika na Bagalu kabisa?" Akaegemea fimbo. Macho yake yakarudi ujana.

Nyota Nne wakaanza, watu wakajaa upande wetu. Mara jenereta likaanza kukohoa. Haliwezi kubeba vyombo vyote. Theonest akapiga kelele, "Lazima kitoke kimoja! Kitoke kile kisichosikika!" Wakachomoa besi. Marehemu akabaki amesimama na gitaa bubu shingoni.

Wimbo uliendelea uleule, bila kosa. Theonest alilia na solo yake kama amefiwa. Lakini niliwaona watu wanavyosimama, kama walioitwa na mtu. Mmoja akakumbuka sigara. Mwingine akavuka barabara. Kisha kumi, kisha wote. Wakaulizwa kwa nini, hawajui. Theonest akaongeza sauti, wakaongeza mwendo.

Mzee Luhende alikuwa anauangalia mguu wake wa kulia, ambao tangu mwanzo ulikuwa unagonga chini wenyewe, bila ruhusa yake. Sasa ulikuwa umetulia. Akautikisa. Hauendi. Akapita katikati ya viti na kwenda mpaka mbele ya Theonest.

"Mmetoa nini?"

"Mzee, shikamoo. Hatujatoa kitu."

"Mguu wangu umekufa. Mmetoa nini?"

"Tumetoa besi tu, mzee."

"Basi hiyo tu yenu irudisheni."

"Jenereta halibebi!"

"Chomoa mbuzi wako, litabeba."

Ndugu zangu, nimeona mengi. Nimeona dhahabu ya ukubwa wa harage. Sijaona kitu kama Theonest akichomoa gitaa lake mwenyewe na kupewa manyanga. Marehemu akachomeka. Ikawa besi na drams na Thobias na Kilingala chake kisicho Kilingala, basi. Mwanzo hatukusikia kitu kwa masikio. Tulikisikia kwenye soli za viatu. Kisha nikaona barabara nzima inageuka. Walirudi wale vijana, wanavuka huku tayari wanacheza, mpaka wawili wa wale wa Mwanza wenye sare wakavuka nao. Mguu wa Mzee Luhende ukafufuka, wa kushoto ukaufuata, na mzee wa watu akaingia uwanjani na fimbo yake, ng'ombe wake wakaachwa bila mchungaji.

Wimbo ulipoisha alimwendea marehemu, anahema. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, kumbe ulikuwa chini." Akasema, "Lete wazee wako."

Wazee wenyewe walikuwa mimi. Namna nilivyoongea mahari siku ile ni habari ya siku nyingine. Mzee mwenyewe yupo, atawaambia kama amewahi kukutana na mdomo kama huu.

Ndoa ilifungwa tarehe 16 Januari 1993, kanisani Ngokolo. Kwenye tafrija Nyota Nne walipanda jukwaani, wakagundua kwamba mpiga besi wao amekaa meza kuu. Walipiga wimbo mmoja bila yeye, Mzee Luhende akanuna, bwana arusi akavua koti. Picha zote za arusi ile zinaonyesha Limi, keki na kiti kitupu. Limi alisema, "Sijui nimeolewa na mtu au nimeolewa na kiti," lakini alisema akicheza, nilimwona. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lusia na Sanket. Sanket ni jina la kaka yake Bwana Jashvant, na padri aliyembatiza alimuuliza marehemu mara mbili kama ana uhakika.

Baada ya Rwamgasa mnaweza kudhani marehemu alikuwa maarufu. Wapi! Jumapili iliyofuata watu walirudi kumsifu Theonest. Mwaka wa mvua za El Nino, gari lao lilizama matopeni njia ya Geita. Marehemu alivuka maji na spika ya besi kichwani, viatu vikaenda na mto, na walipofika mwenye baa akauliza ile friji ameileta ya nini. Hakukasirika. Alikuwa na neno lake: "Mjomba, aliyeniambia lete wazee alinisikia. Yeye na binti yake, watu wawili wa nyumba moja, wananisikia. Mtu anahitaji wangapi?"

Mwezi Novemba 1998 marehemu alianza kuvimba miguu. Madaktari wakasema ni figo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Wodini aligonga vidole kwenye chuma cha kitanda mpaka mgonjwa wa jirani akamlalamikia nesi. Nesi akamkataza. Usiku haujafika, yule jirani akamwita nesi tena: "Mwambie aendelee. Nikimsikia ndiyo napata usingizi." Limi alikuwa pembeni yake muda wote, na cherehani alikuwa ameifunga. Tarehe 8 Juni 1999, asubuhi, vidole vilitulia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Wiki moja kabla, bendi ilikwenda kumwona. Theonest akamwahidi kwamba, likitokea la kutokea, ataleta mpiga besi mzuri kutoka Mwanza aje apige mazishini. Marehemu akakataa. "Msimlete mtu wa kuziba pengo. Pigeni hivyohivyo."

"Itasikika vibaya, Donatus."

"Ndiyo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Huyo ndiye mpwa wangu. Utundu ule hakuutoa mbali.

Marehemu ameacha mama, dada yangu Mbuke, mjane, Limi, watoto, Lusia na Sanket, baba mkwe, Mzee Luhende, mwajiri aliyekuwa ndugu, Bwana Jashvant na nyumba yake, baiskeli moja ambayo mpaka leo haina breki, na mimi.

Ameacha pia Nyota Nne. Leo wamesimama pale wako wanne kamili. Tangu 1989 ni mara ya kwanza jina lao linasema kweli, na Theonest ameniambia asubuhi hii kwamba hajawahi kulichukia jina kama leo. Amekuja na kopo la rangi. Kilichoongezwa kwenye dram mtakiona wenyewe.

Sasa watapiga ule wimbo wa Rwamgasa, gitaa la marehemu likiwa limelala kwenye kiti. Msiwalaumu. Mtaona miguu yenu inatafuta kitu haikioni. Mzee Luhende, usitikise mguu wako, si ugonjwa. Ndugu zangu, hicho mnachokikosa ndiye yeye. Leo kila mtu anamsikia.

Donatus, ulikuwa chini ya sauti zetu zote, sasa uko chini ya ardhi ya Usanda. Pumzika kwa amani, wabeja sana, yaani asante sana, na Mungu akuchomeke pale ambapo jenereta halikohoi.