Utepe wa Mita Arobaini na Sita

Benchi letu liko mbele ya cherehani yangu, mkabala na uwanja wa shule, na asubuhi hiyo asiyenipongeza hakupewa kahawa. Nilikuwa nimeshona utepe mweupe wa mita arobaini na sita, mshono umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Ni wa mwanangu, mwalimu wa baiolojia pale ng'ambo ya barabara. Saa nne kamili alikuwa afundishe historia ya uhai, uwanjani, mbele ya wazazi, maana baadhi yao wamelalamika kwamba anawaambia watoto babu zao ni nyani. Mkuu wa shule kasema waje waone wenyewe. Wasiporidhika, darasa anapewa mwalimu mwingine. Basi siku tatu sikushona nguo ya mtu. Wateja wameninunia, na waninunie tu.

— Rudia, Fundi, akasema Kinyozi, birika mkononi. Mita moja ni miaka mingapi?

— Milioni mia moja. Sentimita moja, milioni moja. Dunia inaanzia huku, leo ni kule mwisho. Mwanangu kaweka alama zote mwenyewe jana, kwa wino mwekundu.

— Na samaki yuko wapi?

— Mbali! Unatembea weee, vijidudu tu. Samaki wa kwanza unamkuta zimebaki mita tano na kidogo.

— Hao vijidudu walikuwa wanasubiri vipuri, akasema Spana, anayetengeneza baiskeli pembeni yangu. Maumbile ni fundi kama mimi. Ukikosa tairi, unafunga lililopo, safari inaendelea.

— Na huyo samaki alipataje miguu? akauliza Kinyozi.

Swali hilo lilimwamsha Profesa. Huyu ni tarishi mstaafu. Alibeba mafaili ya wasomi mpaka usomi ukamwambukiza.

— Wahenga walishasema: samaki mkunje angali mbichi. Alikunjwa, akatokea magoti.

— Profesa, methali hiyo ni ya kulea watoto! nikasema.

— Kwani samaki hana watoto?

Kinyozi akaweka birika chini.

— Mimi nawaambia siri. Zamani wote tulikuwa na manyoya. Akatokea kinyozi wa kwanza. Aliowanyoa wakawa watu, waliokimbia wembe wakabaki nyani. Kazi yangu ndiyo iliyoleta binadamu, heshimuni.

— Na aliyemnyoa kinyozi ni nani?

— Usilete fitina, Spana.

— Mnahangaika na nyani, akasema Profesa, na dinosaria mnao nyumbani. Kuku ni dinosaria.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Spana alijipiga mapaja.

— Chekeni, nikasema. Hilo ni kweli. Mwanangu kasema ndege wametoka ukoo huohuo.

Profesa mwenyewe alishtuka.

Hapo akaja kusimama mbele yetu mama mmoja mwenye sare ya uuguzi. Nilimjua: ndiye aliyeandika barua ya malalamiko. Nikamsogezea nafasi kwa adabu, ingawa roho ilinichemka.

— Baba Mwalimu, utepe wenyewe ndio huo?

— Ndio huo. Ukague, mama. Kasoro hutaiona.

Aliufuata kwa kidole, alama kwa alama. Akapita pale dinosaria wakubwa walipotoweka, sentimita sitini na sita kabla ya mwisho. Akafika ukingoni, akaugeuza.

— Na watu wako wapi?

Nikachukua tepu. Mwanangu alisema watu kama sisi ni milimita tatu za mwisho kabisa. Nikapima, nikapima tena. Miaka thelathini kwenye cherehani, nimekata mita arobaini na sita kamili, nikasahau kuacha kitambaa cha upindo! Na alfajiri nikapinda mwisho ule, sentimita mbili, ili nyuzi zisichomoke. Binadamu wote wamo ndani ya pindo.

— Fundi! Umetushonea ndani? akafoka Kinyozi.

— Asiyekuwepo na lake halipo, akasema Profesa kwa huzuni.

— Shikamooni!

Mwanangu huyo, chaki masikioni... yaani penseli sikioni na chaki mkononi. Mnaona nilivyochanganyikiwa?

— Marahaba. Nimekuharibia, mwanangu.

Akatazama pindo, akacheka. Nikashika wembe nifumue. Akanizuia mkono.

— Acha, baba. Atafumua mama hapa, mbele ya watoto. Kauliza swali ninalotaka waulize wao.

— Mwalimu, akasema muuguzi, mimi nimekuja kukupinga.

— Najua, mama. Ndiyo maana nataka uwe karibu.

Jamani, huyu kazaliwa na nani? Na mimi! Wakavuka barabara, muuguzi kashika upande mmoja wa utepe, mwanangu upande wa pili.

Sisi tukapanda juu ya benchi. Utepe ukakata uwanja mzima, mwisho wake ukaja upande wetu, tukawa tunasikia kila neno. Watoto walitembea nao kutoka mwanzo, mwanangu akisimulia, mpaka wakafika mwisho na kumzunguka muuguzi. Akapiga magoti, akafumua uzi mmoja mmoja.

— Ni hiki kijistari tu? Sisi sote?

— Sisi sote, mama. Na nyani si babu yetu. Naye yuko hapahapa mwisho, ni binamu wa mbali. Babu wa wote wawili yuko huku.

Akapima shubiri moja na vidole kadhaa kurudi nyuma, akaweka kidole. Muuguzi akaipima shubiri ile kwa mkono wake mwenyewe, wazazi wenzake wamemsimamia kichwani, mkuu wa shule anasubiri neno.

— Kipindi kijacho ni lini, mwalimu? akauliza mwishowe. Nibadilishe zamu nije.

Mkuu akatikisa kichwa kukubali, wazazi wakaanza kupiga makofi, na watoto wakapokea kwa kelele.

— Fundi, unalia? akauliza Kinyozi.

— Nalia, ndiyo. Ni mwanangu yule. Sogea, unaniziba.