Goli la Mzee Kudura

Lori la kwenda Bunda lilipoondoka Mwigobero, miguu ya Ursula, muuza dagaa, ilikuwa imebanwa na milingoti mitatu ya Mzee Kudura, fundi cherehani.

Karani wa kampuni ya pamba, abiria mwenzao, akaitambua. "Mzee, si goli la uwanjani hilo? Timu sasa ni ya kampuni."

"Jezi mmenunua, jina mmebadilisha, asiyefanya kazi kwenu hachezi," Kudura akajibu. "Lakini miti hii tunakataga wenyewe kila mchwa wakiitafuna. Inakwenda Bunda, kwenye timu yetu mpya."

"Kesho meneja anakuja kutazama mechi!"

"Atazame mashimo."

Lori liliposimama Bunda, karani akaikalia milingoti. Ursula, ambaye mpira haujawahi kumhusu, akashika ncha moja.

"Bwana karani, inuka," akasema. "Tunashusha."